Kodi ya majengo kwenye LUKU: Mzee kasamehewa, lakini mita haijui umri wake

Ikifika tarehe 1 ya mwezi, kwenye nyumba nyingi za kupanga zenye mita moja huwa kunachezwa mchezo wa kimya kimya. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua umeme. Chumba cha mbele kinamtegea wa uani, wa uani anamtegea mama mwenye friji, na uniti zinaendelea kushuka. Atakayetangulia kuingiza hela ndiye atakayekatwa Sh1,500 ya kodi ya majengo, na wenzake watakaonunua baada yake mwezi huo hawakatwi kitu.

Sh1,500 inaonekana ndogo, ila kwa mtu wa kundi la D1, yaani yule anayetumia umeme usiozidi uniti 75 kwa mwezi, bei ya uniti moja ni Sh100, na ukijumlisha VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1 inafika Sh122. Maana yake kodi hiyo ya mwezi inameza kama uniti 12 hivi. Akiingiza Sh2,000 ili ajisogeze mpaka wikiendi, kinachobaki cha kununulia umeme ni Sh500.

Kwa mzee aliyejengewa nyumba na wanawe, anayeishi peke yake na kuwasha taa mbili na redio, hizo uniti 12 zinaweza kumfikisha mbali. Na kisheria mzee huyo hatakiwi kukatwa kabisa. Wengi bado wanakatwa, kwa sababu msamaha wao hauji wenyewe.

Kodi hii ni ipi hasa?

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Mpangaji anampa mwenye nyumba "kodi", na mwenye nyumba anaipa serikali "kodi". Ya kwanza ni pango la chumba, ya pili ni tozo ya serikali. Kodi ya majengo ni hiyo ya pili, na kwa sheria ni mzigo wa mwenye jengo, si wa aliyepanga.

Isichanganywe pia na pango la ardhi, ambalo hulipwa kwa ajili ya kiwanja na husimamiwa na Wizara ya Ardhi. Kiwango chake hutegemea ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Mtu mwenye hati anaweza kuwa na deni la pango la ardhi la miaka mitano huku kodi ya majengo akiwa amelipa yote, au kinyume chake. Kulipa moja hakufuti nyingine.

Kuanzia tarehe 20 Agosti 2021, kodi ya majengo kwa nyumba zenye umeme inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh5,000 kwa mwezi kwa kila ghorofa. Julai 2023 viwango vikapanda: nyumba ya kawaida Sh1,500 kwa mwezi, sawa na Sh18,000 kwa mwaka, na kwa ghorofa Sh7,500 kwa mwezi, sawa na Sh90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa.

Makato hufanyika mara moja kwa mwezi, kwenye manunuzi ya kwanza. Usiponunua umeme miezi mitatu kwa sababu nyumba ilifungwa au ulisafiri, deni halifutiki. Linajikusanya, na siku utakayonunua linakatwa kwa pamoja. Ndiyo maana mtu anarudi kutoka kijijini, ananunua umeme wa Sh5,000, halafu anashangaa uniti zilizoingia ni za kuwashia taa tu. Hajaibiwa na wakala wa simu, ni miezi yake iliyolala.

Nyumba isiyo na umeme haijasamehewa kwa sababu hiyo. Mwenye nyumba anatakiwa kuchukua namba ya malipo TRA na kulipia benki au kwa simu.

Zamani mthamini alikuja nyumbani

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Sheria ya mwaka 1983 ya kutoza kodi ya majengo mijini, Sura ya 289, iliweka utaratibu unaofanana na wa nchi nyingine. Mthamini anakuja, anaangalia jengo, anakadiria thamani yake sokoni. Ikishindikana kujua bei ya soko, anapiga hesabu ya gharama za kulijenga upya na kupunguza uchakavu, lakini punguzo hilo halizidi asilimia 25 hata nyumba iwe imechoka kiasi gani.

Ardhi haikuhesabiwa. Nchini Tanzania ardhi ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake, kwa hiyo kilichotozwa ni tofali, bati na saruji, si kiwanja.

Thamani hizo ziliandikwa kwenye daftari la uthamini, halmashauri ikapanga asilimia kwa sheria ndogo, na asiyekubaliana na thamani aliyopewa aliweza kupinga mbele ya baraza la uthamini. Utaratibu ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Mtaani nyumba zilijengwa haraka kuliko wathamini walivyoweza kuzifuata. Nyumba nyingi za maeneo yasiyopimwa hazikuingia kwenye daftari, na zilizoingia zilikaa na thamani za miaka mingi nyuma.

Mkusanyaji naye alibadilika kila mara. Kwa asili hii ni kodi ya halmashauri. Jijini Dar es Salaam TRA ilipewa kazi ya kuikusanya mwaka 2008, ikarudi kwa manispaa mwaka 2014, halafu Julai 2016 ikapelekwa tena TRA. Mwenye nyumba aliyekuwa anaweka risiti zake kwenye mfuko wa rambo anaweza kuwa na karatasi za ofisi mbili tofauti kwa nyumba ileile.

Mwaka 2018 serikali ikachukua njia ya mkato, ya kiwango kimoja kwa wote: Sh10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na mijini Sh50,000 kwa kila ghorofa. Watu walipanga foleni kulipa, kwa sababu Sh10,000 ilikuwa inajulikana na haina majadiliano. LUKU ilikuja juu ya msingi huo huo.

Faida ya kiwango kimoja iko wazi: mwenye nyumba anajua anachodaiwa bila kumsubiri mthamini. Hasara yake nayo iko wazi. Nyumba ya chini ya vyumba sita yenye bustani Masaki na nyumba ya vyumba viwili Buza zinalipa Sh18,000 ileile. Thamani haiulizwi tena, kwa hiyo hakuna thamani ya kupinga.

Hapo ndipo Tanzania inapoachana na jirani. Kenya, kaunti zinatoza rates kwa kuangalia thamani ya ardhi. Nairobi ilitumia daftari la tangu miaka ya 1980 kwa miaka mingi, ikitoza asilimia 34 ya thamani hiyo ya zamani, kabla ya kuhamia daftari la mwaka 2019 lenye kiwango cha asilimia 0.115 ya thamani mpya. Mwenye ploti wa Nairobi akibishana na kaunti, anabishana kuhusu bei ya ardhi yake. Na akiwa na malimbikizo, anasubiri kaunti itangaze msamaha wa riba. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha habishani kuhusu bei. Anabishana kuhusu mita: imekatwa mara ngapi, ni ya jengo gani, na je, mwenye jengo anatakiwa kulipa?

Nani amesamehewa

Kwenye orodha ya msamaha yamo majengo ambayo hayamhusu mwananchi wa kawaida moja kwa moja: nyumba za ibada, maktaba za umma na makumbusho, makaburi, viwanja vya ndege, miundombinu ya reli, na maeneo ya michezo. Jengo la kanisa au msikiti lenye fremu za biashara lisitegemee kwamba fremu nazo zitapita bure, maana msamaha ni wa ibada.

Nyumba za udongo, za nyasi na za tembe nazo hazitozwi. Tatizo ni kwamba nyumba ya udongo yenye mita ya LUKU, kwenye mfumo, ni mita kama mita nyingine. Mwenye nyumba ya namna hiyo akikatwa, anatakiwa aseme.

Kundi kubwa linalogusa familia nyingi ni wazee wa miaka 60 na kuendelea, pamoja na watu wenye ulemavu wasio na kipato. Msamaha wao ni wa nyumba moja tu, ile wanayoimiliki na kuishi ndani yake. Mzee mwenye nyumba tatu anasamehewa anayolala, mbili zilizobaki analipia. Mzee aliyehamia kwa mwanawe na kupangisha nyumba yake yote hana msamaha kwa nyumba hiyo, kwa sababu haishi humo tena na inamwingizia pesa.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hulijua kwa kuchelewa. Msamaha unamfuata mtu, haufuati nyumba. Baba wa miaka 72 akifariki na nyumba ikabaki kwa mjane wa miaka 54, msamaha wa baba umeondoka naye. Mjane analipa mpaka atakapofikisha miaka 60, halafu aombe upya kwa jina lake. Watoto wanaorithi nao vivyo hivyo.

Kwa nini mzee bado anakatwa

Mfumo wa LUKU unaijua namba ya mita, lakini haujui kwamba mwenye nyumba alizaliwa mwaka 1955, wala kwamba anatembea kwa magongo. Asipojitokeza mtu kusema, mita itaendelea kukata kila mwezi, na mwaka ukiisha mzee amelipa Sh18,000 ambayo sheria haikumdai.

Njia ya kusimamisha makato ni kwenda ofisi ya TRA ya eneo nyumba ilipo na kujaza fomu ya kuomba msamaha. Kinachotakiwa ni kuthibitisha mambo matatu: umri, umiliki, na kwamba anaishi hapo. Umri unathibitishwa kwa kitambulisho cha NIDA, au cheti cha kuzaliwa kwa aliyenacho. Umiliki ni hati, leseni ya makazi, au kwa nyumba za uswahilini zisizo na hati, karatasi ya mauziano iliyopitia serikali ya mtaa. Kuishi hapo kunathibitishwa na barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa. Picha ndogo na namba ya mita visisahaulike. Bila namba ya mita, hata msamaha ukikubaliwa hakuna pa kuuweka.

Ni bora barua ya mtaa itaje vitu vyote kwa pamoja: jina la mzee kama lilivyo kwenye NIDA, namba ya nyumba au maelezo ya ilipo, namba ya mita, na kwamba anaishi humo. Barua inayosema tu "mtajwa ni mkazi wetu" humrudisha mzee mtaani siku ya pili, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inaweza kuzidi kodi ya miezi miwili.

Kikwazo kinachowasumbua wengi ni jina la kwenye mita. Nyumba ni ya mzee, lakini mita iliombwa na kijana wake wakati wa kuvuta umeme. Au nyumba ilinunuliwa na mita imebaki kwa jina la aliyeuza. Wapo ambao mita ina jina la marehemu aliyezikwa miaka kumi iliyopita. TRA inaona jina la mwombaji, TANESCO ina jina jingine, na ombi linakwama katikati.

Dawa yake ni kuanzia TANESCO: kubadilisha jina la mteja kwenye mita kwa kutumia karatasi za umiliki, na kwa nyumba ya urithi, barua ya usimamizi wa mirathi. Hiyo kazi inachukua siku kadhaa, ila ikishafanyika mara moja inasaidia pia siku nyumba itakapouzwa au mita itakapoharibika.

Mzee asiyeweza kutembea asiachwe hivihivi. Mwana au mjukuu anaweza kumtangulia TRA kuuliza utaratibu akiwa na nakala za karatasi zake na barua ya mtaa inayoeleza hali yake. Haipendezi kumpakia bajaji mtu wa miaka 80 aende kukaa kwenye benchi asubuhi nzima, halafu aambiwe kuna karatasi moja imepungua.

Mita nne, nyumba moja

Kundi la pili linaloumia ni wenye nyumba zenye mita nyingi. Mwenye nyumba alichoshwa na ugomvi wa wapangaji kuhusu umeme, akaweka mita kwa kila upande. Ugomvi ukaisha, kodi ikazaa.

Tuseme ni nyumba ya kawaida ya chini yenye mita nne. Kila mita ikikatwa Sh1,500, jengo moja linalipa Sh6,000 kwa mwezi, au Sh72,000 kwa mwaka. Kinachodaiwa ni Sh18,000. Sheria inatoza jengo. Mita ni njia tu ya kuchukulia hela.

Hapa mwenye nyumba anatakiwa kupeleka TRA namba za mita zote zilizo kwenye jengo hilo na kuonyesha ni ipi ibaki na kodi. Nyingine zinaondolewa. Ni vizuri mita itakayobaki iwe ya upande anaoishi mwenye nyumba mwenyewe. Akiiacha kwa mpangaji mmoja, atakuwa amemhamishia mtu mmoja mzigo wa nyumba nzima.

Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa mita ambayo haiko kwenye jengo, kama ile ya pampu ya kisima cha shambani. Hakuna nyumba, hakuna kodi ya majengo, ila mwenye mita aende akalieleze hilo.

Mpangaji afanyeje

Serikali ilipoanzisha makato ya LUKU ilieleza kwamba mpangaji anayekatwa apatane na mwenye nyumba ili fedha hiyo ifidiwe kwenye pango. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, mpangaji wa chumba cha Sh50,000 anayemfuata mwenye nyumba kudai Sh1,500 anajua anaweza kuambiwa atafute pa kuhamia. Wengi wameamua kunyamaza, na kimya hicho kwa mwaka kina thamani ya Sh18,000.

Anayetaka kudai bila kuvunja uhusiano ana silaha moja, nayo ni ujumbe wa tokeni. Kila manunuzi yanaleta ujumbe wenye mchanganuo wa makato. Ule wa kwanza wa kila mwezi usifutwe. Mkataba wa miezi sita ukiisha, ujumbe sita ni Sh9,000, na ni rahisi zaidi kusema "baba mwenye nyumba, naomba nipunguzie 9,000 kwenye kodi ya safari hii, makato ya serikali haya hapa" kuliko kumgongea mlango kila tarehe 2.

Njia safi zaidi ni kuliandika kabla ya kuingia. Mstari mmoja kwenye mkataba unatosha: kodi ya majengo italipwa na mwenye nyumba, na ikikatwa kwenye LUKU itapunguzwa kwenye pango linalofuata. Kwenye nyumba ya mita ya kuchangia, wapangaji wenyewe wanaweza kukubaliana kwamba atakayenunua wa kwanza anarudishiwa na wenzake kwa kugawana. Vyumba sita, kila kimoja Sh250. Ni bei ya chini kuliko kukaa gizani tarehe 1 mnategeana.

Kabla ya kwenda ofisini

Anayetaka kuulizia makato yake aangalie kwanza ujumbe wa tokeni wa mwezi huu na wa mwezi uliopita. VAT, REA na EWURA hupanda na kushuka kulingana na umeme ulionunuliwa, lakini kodi ya majengo haibadiliki kwa ukubwa wa manunuzi. Kiasi kikizidi Sh1,500 kwa nyumba ya chini, mara nyingi ni miezi iliyopita inayolipwa kwa pamoja. Kikiwa Sh7,500 na nyumba haina ghorofa, mita imewekwa kwenye kundi lisilo lake, na hilo linahitaji kurekebishwa TRA kwa kuonyesha picha ya nyumba na barua ya mtaa.

Mzee au mwenye nyumba anayewasilisha ombi aondoke na nakala ya fomu yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa. Mwezi unaofuata, siku ya manunuzi ya kwanza, aangalie kama mstari wa kodi ya majengo umeondoka. Kama bado upo, anarudi na nakala ile ile akiulizia ombi la tarehe fulani, badala ya kuanza kujieleza upya kwa ofisa mwingine.